Kumtunza nyoka au mjusi asiye na magamba: ngozi, joto, chakula na vidonda

Ukimpitishia kidole nyoka wa kawaida unahisi vigae vilivyopangwa safu kwa safu. Ukimpitishia asiye na magamba unakuta ngozi tupu, laini kama ndewe ya sikio, na chini yake mbavu zinahesabika. Akijipinda, ngozi ya upande wa ndani hukunjamana kama mkono wa shati. Wanyama hawa hula, hukua na huishi miaka mingi wakipata mtunzaji makini. Shida ni kwamba makosa madogo ambayo ndugu zao wenye magamba huyavumilia, kwao huwa kidonda.

Gamba ni ngao. Kazi yake kubwa ni kupokea mkwaruzo, jino na ukucha kabla ya ngozi. Ngao hiyo haipo, kwa hiyo kazi yako wewe ni kuondoa kila kinachokwaruza, kinachouma na kinachounguza ndani ya kizimba. Karibu maelekezo yote yanayofuata yanatoka hapo.

Ni wanyama gani hasa

Wanaofugwa zaidi ni nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus. Nyoka wa panya wa Texas. Chatu-mpira, Python regius. Na mjusi mwenye ndevu wa Australia, Pogona vitticeps. Wote huzaliwa hivyo kwa sababu ya badiliko la jeni, wala si ugonjwa ulioingia baadaye. Kwa mjusi mwenye ndevu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha mwaka 2016 kwamba jeni yenyewe ni EDA. Ni jeni ileile ambayo ikiharibika kwa binadamu, mtu huzaliwa na nywele chache, meno pungufu na tezi hafifu za jasho. Mjusi aliyerithi nakala moja ya jeni iliyobadilika huwa na magamba madogo mgongoni; aliyerithi mbili hubaki na ngozi tupu. Chatu-mpira mwenye nakala moja hukosa magamba ya kichwani tu, mwenye mbili huyakosa karibu mwili mzima. Nyoka wa mahindi lazima arithi kwa wazazi wote wawili ndipo hali ionekane.

Nyoka wengi wa aina hii hubakiwa na magamba mapana ya tumboni, na hayo ndiyo wanayotembelea. Mgeuze kwa upole karibu na dirisha, umwangalie tumbo kutoka kidevuni hadi mkiani. Kama safu ina mapengo, ziandike sehemu hizo, maana ndizo zitakazochubuka kwanza. Mnyama wa namna hiyo alale juu ya matandiko laini maisha yake yote. Kabla ya kumchukua mnyama yeyote, omba umwone akila panya aliyeyeyushwa kutoka kwenye barafu. Anayekula panya hai tu, mwache.

Je, hukauka haraka?

Wengi huanza kwa kuloweka kizimba wakiamini kwamba ngozi tupu inavuja maji. Kwa nyoka dhana hiyo ilipimwa zamani. Mwaka 1972, Paul Licht na Albert Bennett walimpima nyoka wa jenasi Pituophis (kundi la nyoka wa Amerika Kaskazini) aliyezaliwa bila magamba, wakakuta hapotezi maji kuliko wenzake wenye magamba. Mwaka 1980 watafiti Roberts na Lillywhite walionyesha sababu: kinachozuia maji katika ngozi ya nyoka ni mafuta yaliyo kwenye tabaka la juu, na mafuta hayo yakiondolewa ngozi huvuja hata kama magamba yapo.

Mjusi mwenye ndevu ana hesabu yake. Utafiti wa Nicholas Sakich na Glenn Tattersall wa mwaka 2021 ulikuta kwamba kadiri magamba yanavyopungua, ndivyo mjusi huyu anavyopoteza maji haraka zaidi, ingawa joto analolipenda halibadiliki sana.

Kwa hiyo nyoka mpe unyevu wa kawaida wa spishi yake: asilimia 40 hadi 60 kwa nyoka wa mahindi, 55 hadi 70 kwa chatu-mpira. Ukizidisha, matandiko hubaki majimaji na tumbo hutoka malengelenge ndani ya wiki chache. Mjusi mwongezee maji ya kunywa, usimwongezee unyevu wa hewa. Asilimia 35 hadi 45 inamtosha. Kila asubuhi mdondoshee maji juu ya ncha ya pua, si ndani ya matundu yake, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone, mpaka aache kulamba. Mara mbili kwa wiki mweke kwenye maji ya nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi yanayofika kwenye viwiko tu, kwa dakika 10 hadi 15, ukiwa umesimama hapo hapo. Hanywi kwa ngozi. Anakunywa kwa mdomo, na maji hulainisha ngozi inayotaka kutoka.

Usimpake mafuta ya nazi, ya mgando wala losheni ili kumlinda. Mafuta hunasa vumbi na uchafu wa matandiko, huongeza joto juu ya ngozi chini ya taa, na hufunika kidonda kinachoanza usikione. Ngozi iliyo sawa haihitaji kupakwa kitu.

Kizimba: kipimo cha pamba

Kwa nyoka mzima wa mahindi, chatu-mpira au mjusi mzima, anza na kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Nyoka aweze kujinyoosha urefu wake wote; akipita sentimita 120, mtafutie kikubwa zaidi. Kila mnyama akae peke yake. Ukucha wa mwenzake mmoja usiku mmoja unatosha kufungua mgongo wa mjusi asiye na magamba.

Kabla hujaingiza kitu chochote ndani, fanya kipimo hiki. Chukua donge la pamba kavu, lipitishe polepole juu ya tawi, jiwe, pango la plastiki, bakuli la maji na kingo zote za mlango. Popote pamba inapoacha uzi, ngozi nayo itaacha kitu. Rudia upande wa ndani wa mapango, maana nyoka hupenda kujibana hapo na ndipo watengenezaji huacha mishono mikali ya plastiki. Tundu la kuingilia ndilo linaloumiza zaidi: likate liwe na upana mara mbili ya unene wa mnyama, kisha lipige msasa namba 120, umalizie na namba 240, mpaka pamba ipite bila kushika. Matawi yachunwe maganda yanayobanduka, yapigwe msasa, yaoshwe na kukaushwa kabisa. Mawe yawe ya mtoni, ya mviringo, yakae juu ya sakafu yenyewe na si juu ya matandiko, yasije yakamwangukia anapochimba.

Kitu kimoja kisiingie kamwe: utepe wa gundi. Watu hubandika waya wa kipima joto kwa utepe, ncha ikibanduka nyoka anapita juu yake na kunasa. Kwa nyoka mwenye magamba hilo ni balaa. Kwa huyu ngozi hutoka na utepe. Waya ushikwe kwa vibanio vya kunyonya kioo au upitishwe kwenye bomba la plastiki. Ikitokea amenasa, usivute. Upake utepe mafuta ya kupikia kidogo kidogo kwenye ukingo kwa kijiti cha pamba, ngoja dakika 10 hadi 15, uviringishe utepe ukirudi nyuma sambamba na ngozi, ukiongeza mafuta kila nusu sentimita. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mafuta yanaruhusiwa, na baadaye uyaoshe kwa maji vuguvugu.

Wavu wa chuma nao hufaa juu tu, tena mahali asipofika. Nyoka anayetafuta njia husugua pua kwenye wavu usiku kucha, na pua isiyo na magamba hufika kwenye nyama kabla ya asubuhi.

Matandiko yanayofaa nyoka mzima ni sehemu mbili za vumbi laini la makumbi ya nazi kwa sehemu moja ya udongo uliochekechwa usio na mbolea, kina cha sentimita 5 hadi 8. Likamate konzi ulibane: lishikamane, lakini lisitoe maji. Vipande vya magome, changarawe, maganda ya kokwa na maranda ya mbao yenye vibanzi havifai. Mwerezi haufai kwa nyoka yeyote, kwa sababu mafuta yake yana sumu. Watoto, wagonjwa na wenye tumbo lenye mapengo walale juu ya karatasi za jikoni zisizo na harufu, zibadilishwe zikichafuka.

Mjusi naye hujikwaruza mwenyewe. Akijikuna kwa mguu wa nyuma wakati ngozi inatoka, huacha mistari myekundu ubavuni. Mkate ncha za kucha milimita 1 kila wiki 3 au 4, ukiwasha tochi nyuma ya ukucha ili uone mshipa wa damu ulipoishia. Ukikosea na damu ikatoka, bonyeza ncha kwenye wanga wa mahindi kwa dakika moja au mbili.

Joto na mwanga

Kuungua ndiko kunakoleta vidonda vibaya kuliko vyote, na chanzo huwa kilekile: kipasha joto kisicho na kidhibiti, au kidhibiti ambacho kihisio chake kimeteleza kutoka mahali pake. Mkeka wa joto usio na kidhibiti unaweza kupita nyuzi 50. Mtambaazi mara nyingi hulala juu ya kinachomuunguza bila kuondoka.

Weka chanzo cha joto juu, nje ya uwezo wake wa kukifikia, ndani ya kikinga cha chuma chenye matundu madogo na kingo zilizokunjwa. Balbu itumie kidhibiti kinachofifiza mwanga. Kipashio cha kauri kitumie kidhibiti cha mapigo, kile kinachopeleka umeme kwa vipindi vifupi vifupi. Kila wiki pima uso wa mahali pa kuota kwa kipimajoto cha miali (kinachopima bila kugusa), kwa urefu ule ambao mgongo wake hufika, kwa sababu mgongo uko karibu na balbu kuliko jiwe.

Kwa nyoka wa mahindi, mahali pa kuota pawe nyuzi 29 hadi 31, upande wa baridi 21 hadi 24. Chatu-mpira apate 31 hadi 33 na 25 hadi 27. Mjusi mwenye ndevu wa kawaida huota kwenye nyuzi 38 hadi 42. Kwa asiye na magamba tunaanzia 37 hadi 38, tukimwangalia. Akikaa mahali pa joto muda mrefu bila kufungua mdomo, na chakula kikachelewa kumeng'enywa, ongeza nyuzi moja baada ya siku chache. Usiku kizimba cha mjusi kinaweza kushuka hadi 20 bila wasiwasi.

Mionzi ya UVB, ile ya urujuanimno iliyomo kwenye mwanga wa jua, inahitaji mkono mwepesi zaidi. Mjusi hawezi kukaa bila hiyo, maana asipotengeneza vitamini D3 hanyonyi kalsiamu, na mifupa hulainika. Lakini ngozi tupu huungua kwa kiwango ambacho mwenzake hukifurahia. Pima kwa kipima UVI (UVI ni kipimo cha ukali wa mionzi hiyo), usikisie kwa kuangalia boksi la taa. Mjusi wa kawaida hupewa UVI ya 4 hadi 5 mahali pa kuota. Huyu mpe 2 hadi 3, taa ikifunika nusu ya kizimba tu ili nusu nyingine iwe kivuli kamili. Nyoka asizidi 1, na kama pia ni zeruzeru mpe nusu ya hiyo. Kioo huzuia karibu UVB yote, na wavu hupunguza sehemu kubwa, kwa hiyo ukiondoa wavu uliokuwa chini ya taa ujue umeongeza dozi. Pima upya. Ngozi kuwa ya waridi, macho kuvimba au kufumbwa mchana ndani ya siku chache baada ya kubadilisha taa maana yake ni kwamba umezidisha: zima UVB, acha joto, mpeleke kwa daktari. Neli za T5, yaani taa nyembamba ndefu za UVB, zibadilishwe kila baada ya miezi 12 hata kama bado zinawaka.

Chakula kisichouma

Nyoka asiye na magamba asipewe panya hai hata siku moja. Panya aliyebanwa hugeuka na kung'ata, na pale ambapo gamba lingeacha alama, hapa jino hufika kwenye misuli. Mwyeyushe panya aliyegandishwa ndani ya friji usiku kucha, kisha mtie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko kwenye maji moto mpaka uso wake ufike nyuzi 38. Mkaushe. Mpe kwa koleo ya sentimita 30 yenye ncha za mpira. Tanuri ya mikrowevu huacha sehemu mbichi na sehemu iliyoiva, na tumbo la panya hupasuka.

Unene wa panya uwe sawa na sehemu nene ya nyoka au uzidi kidogo, hadi mara moja na robo. Mtoto wa nyoka wa mahindi huanza na panya mchanga wa gramu 2 hadi 3 kila siku 5. Nyoka mzima hula kila siku 10 hadi 14. Baada ya chakula utaona umbo la panya kupitia ngozi, mpaka miguu. Ni kawaida, usishtuke, ila usimshike kwa saa 48.

Mjusi apate majani kila siku. Wadudu wasizidi ukubwa wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Mtoto hupewa wadudu kila siku, mjusi mzima mara 3 kwa wiki. Wanyunyizie unga wa kalsiamu, na mara moja kwa wiki unga wenye vitamini. Parachichi ni sumu, na mchicha uwe wa nadra kwa sababu hufunga kalsiamu. Kinachosahaulika ni wadudu waliobaki. Nyenje wakiachwa kizimbani usiku hutafuna kope, vidole na ncha ya mkia wa mjusi aliyelala. Baada ya dakika 15, watoe wote, uwahesabu kama ulivyowahesabu ukiingiza.

Kujivua bila gamba

Tumezoea kusema nyoka hujivua gamba, na huyu asiye nalo hujivua vilevile. Kinachotoka ni utando mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, bila alama za vigae mgongoni, wenye mistari ya tumboni tu. Kwa wembamba wake huchanika. Nyoka wa kawaida akijivua vipande tunashuku unyevu. Huyu vipande vitatu au vinne si dalili ya ugonjwa, mradi hakuna kilichobaki mwilini.

Macho yakianza kuwa na rangi ya maziwa, acha kumshika na acha kumlisha. Ngozi ya wakati huu huteleza juu ya mpya iliyo chini, na kidole kikivuta kidogo huchanika kabla ya muda wake. Tengeneza boksi la unyevu: chombo cha plastiki chenye mfuniko, tundu lililopigwa msasa kama tulivyosema, ndani mmea wa sphagnum (mmea laini wa kinamasi unaoshika maji kama sifongo) uliolowa kisha ukakamuliwa mpaka usitoe tone. Liweke katikati, kati ya joto na baridi. Badilisha mmea huo kila siku 3 au 4 kabla haujaota kuvu.

Ngozi isipotoka yote baada ya saa 48, mlaze kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 30 yanayofika nusu ya unene wake kwa dakika 20, kisha mwache apite mwenyewe ndani ya kitambaa cha pamba kilicholowa ukikishika kwa kulegeza. Usibandue kwa kucha. Kagua macho na ncha ya mkia. Kifuniko cha jicho kikibaki, usikiguse kwa kibano. Daktari akitoe, au ungoje mzunguko unaofuata ukiwa umerekebisha unyevu. Kwa mjusi, kagua kila kidole. Pete ya ngozi kavu ikizunguka kidole hukata damu, kidole huwa cheusi na kudondoka.

Kumshika

Vua pete, saa na bangili. Nawa mikono kwa sabuni, suuza, kausha, kwa sababu kitakasa cha spirti kilichobaki mkononi huchoma ngozi yake. Mwinue kwa viganja viwili chini ya mwili, usimvute kutoka pangoni, subiri atoke au inua pango lenyewe. Nawa tena ukimaliza: watambaazi hubeba bakteria wa kuhara wa Salmonella wakiwa wazima kabisa, na watoto wadogo ndio huathirika.

Kusoma mwili usio na magamba

Vitabu vya watambaazi husema mikunjo ya ngozi ni dalili ya kukaukiwa maji. Kwa nyoka huyu mikunjo ipo siku zote, kwa hiyo dalili hiyo haikusaidii. Tazama macho kama yamezama, mate kama yananata unapofungua mdomo wake, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi: iwe laini kama dawa ya meno. Ikiwa ngumu kama chokaa au ya njano iliyokolea, anahitaji maji.

Utitiri nao hujificha tofauti. Kwa kawaida hukaa chini ya magamba. Hapa utaukuta ukingoni mwa macho, kwenye mfereji wa kidevu na mlangoni mwa haja. Mpitishe kwenye karatasi nyeupe iliyolowa, uangalie nukta nyeusi zinazotembea. Usimpulizie dawa ya mbwa wala ya nyumba, maana dozi iliyopangwa kwa mwili wenye ngao inaweza kumdhuru. Daktari apange dawa na dozi, wewe mweke kwenye karatasi, choma mbao zenye nyufa, safisha kizimba kwa maji ya moto, na uendelee kwa wiki 6, kwa kuwa mayai huanguliwa kwa awamu. Mgeni yeyote akae chumba kingine siku 90.

Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ya gramu. Akipoteza asilimia 10 bila sababu unayoijua, usingoje.

Kidonda kikitokea

Mkwaruzo mkavu, mweupe, usiotoa damu, uache. Andika tarehe, tafuta kilichomkwaruza, kiondoe. Ngozi iliyofunguka inataka hatua hizi, kwa mpangilio huu.

Mhamishie kwenye karatasi za jikoni na uondoe matawi yote. Osha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9 mpaka uchafu wote utoke. Kisha tumia klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.05: ukiwa na ya asilimia 2, changanya sehemu 1 na sehemu 39 za maji, ukiwa na ya asilimia 4, sehemu 1 na sehemu 79. Lowesha shashi, iweke juu ya kidonda dakika 5, mara moja au mbili kwa siku. Isifike machoni. Povidoni-ayodini iliyozimuliwa mpaka ikawa na rangi ya chai nyepesi hufaa pia. Spirti, haidrojeni peroksaidi na krimu zenye ganzi usizitumie: mbili za kwanza huua chembe zinazojaribu kuziba, na ganzi hupenya ngozi hii ikamdhuru.

Ameungua? Mpoze kwa maji ya kawaida, si ya barafu, kwa dakika 10 hadi 15, kisha mpeleke kwa daktari hata kama unaona wekundu tu. Ukubwa halisi wa kuungua huonekana baada ya siku kadhaa, na wakati huo maji ya mwili yamekwisha kupotea.

Mpandishie joto hadi upande wa juu wa kiwango chake cha kawaida, usipite hapo. Kinga ya mtambaazi hufanya kazi kwa joto, na mgonjwa aliyewekwa kwenye baridi haponi. Tegemea wiki, si siku. Nyuzi za kushonea hukaa wiki 4 hadi 6 au zaidi, na kila kujivua kutapunguza kovu.

Malengelenge tumboni, ukoko wa njano au kahawia unaosambaa, uvimbe chini ya ngozi, kupumua kwa mdomo wazi, mapovu puani, au kidonda chenye harufu: hayo hayatibiwi nyumbani. Ukoko unaosambaa unaweza kuwa kuvu, Ophidiomyces kwa nyoka au Nannizziopsis kwa mjusi, na kuvu hizo hutaka dawa ya miezi baada ya kipimo cha maabara.

Kuhusu kuwazalisha

Msimamo wetu ni kwamba mjusi asiye na magamba asizalishwe. Dume hupanda kwa kumng'ata jike shingoni, na shingo isiyo na ngao hutoboka. Wafugaji wanaotaka watoto wa aina hii huwapata kwa kuwapandisha wazazi wenye nakala mojamoja, na hata hapo sehemu ya watoto huzaliwa na ngozi itakayowapa taabu. Kwa nyoka wa mahindi hatari ya kupandana ni ndogo, lakini watoto wenye mapengo tumboni lazima wapate mtu wa kuwaweka kwenye karatasi miaka yote. Usipokuwa na uhakika wa mtu huyo, usianze.

Safari ya kwa daktari

Tafuta daktari anayetibu watambaazi kabla hujamhitaji. Siku ya safari, nyoka aingie kwenye mfuko wa foronya ya pamba uliogeuzwa ndani nje ili mishono isimguse, foronya iwe ndani ya boksi gumu lenye matundu. Mjusi akae juu ya taulo isiyo na nyuzi zilizolegea, la sivyo kucha zitanasa. Weka chupa ya maji ya nyuzi 35 iliyofungwa kwenye kitambaa upande mmoja wa boksi, sio chini yake, ili aweze kuikwepa. Beba picha za kidonda za kila siku zilizopigwa kando ya rula, uzito wa miezi mitatu, tarehe za kula na kujivua, vipimo vya joto na UVI, na ngozi ya mwisho aliyojivua ndani ya mfuko mkavu. Mwambie daktari mwanzoni kabisa kwamba mnyama hana magamba kwa kuzaliwa, asije akaanza kutibu ngozi ambayo ndiyo ngozi yake.